Kuja Nyumbani kwa Gari la Umeme: Nairobi, Voi hadi Wundanyi

(Mazungumzo ya afisa wa habari wa kaunti kwa wakazi, wenye nyumba za wageni na mafundi wa stima mjini Voi)



Swali ninaloulizwa kila Disemba ikikaribia ni moja: kijana wangu wa Nairobi amenunua gari la stima, je, atatufikia na watoto? Atafika. Lakini akipanga safari kama mtu wa petroli, atalala njiani.

Tuanze na betri. Ukubwa wake hupimwa kwa kilowati-saa, na hizo ni uniti zile zile tunazonunua kwa tokeni. Magari mengi ya umeme yaliyotumika yanayotoka Japani ni Nissan Leaf. Ya kwanza yalikuwa na betri ya uniti 24, yakaja ya 30, kisha ya 40. Lile la 24 la miaka ya mwanzo, hata likiwa jipya, lilipimwa Marekani likaonekana haliendi kilomita 120 kwa chaji moja, na betri ikizeeka hupungua tena. Mwenye gari hilo namwambia waziwazi: liache Nairobi, panda treni ya SGR na watoto, mshuke Voi. Hakuna aibu.

Mwenye la uniti 40 ana nafasi. Barabara kuu, akiwa na watu watano na mizigo, atatumia uniti 16 hadi 18 kwa kila kilomita 100. Akiondoka Nairobi betri ikiwa imejaa, aende kilomita 180 hivi kisha atafute chaji huku akiba ikiwa bado ipo. Chaji ya haraka hupungua kasi sana betri ikipita asilimia 80, kwa hiyo watu huchomoa hapo, na kipande kinachofuata huwa kama kilomita 140. Nairobi hadi Voi ni kama kilomita 330. Piga hesabu mwenyewe: kusimama mara moja ni kubahatisha, mara mbili ni salama. Watoto wanataka choo na chakula hata hivyo.

Vituo vyenyewe sitavitaja, kwa sababu orodha hubadilika. Piga simu siku moja kabla. Uliza mambo mawili: je, mashine inafanya kazi leo, na je, plagi yake ni ya aina ya gari lako? Leaf la Japani linatumia plagi ya CHAdeMO, na magari ya Ulaya hutumia nyingine. Ramani ya simu haiwezi kukuonyesha kwamba stima imepotea Kibwezi.

Mwendo nao una gharama. Upinzani wa hewa ukiwa kwenye 110 unakaribia mara mbili ya ule wa 80. Mtu akiona uniti zinaisha haraka, dawa ya kwanza ni kupunguza mwendo. Kuzima kipoza hewa na kuwachemsha watoto hakusaidii kiasi hicho. Na magunia juu ya paa yateremshwe, yaingie ndani.

Kipande ninachokihofia ni Mtito Andei hadi Voi. Ni karibu kilomita 100 katikati ya Tsavo, maduka ni machache, na wanyama wapo pande zote mbili. Usikiingie usiku ukiwa na chaji ya kubahatisha. Gari la umeme likizima, halivutwi kwa kamba kama pikapu. Magurudumu yanayoendeshwa na mota yakiburutwa chini, mota yaweza kuharibika. Linahitaji kubebwa juu ya lori. Kumpata mwenye lori hilo Manyani saa nne usiku, na mtoto analia, si jambo la kumwombea mtu.

Jambo lingine ambalo wengi hawalitegemei ni kwamba kuja na kurudi si safari moja. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya bahari, na Voi iko chini yake kwa zaidi ya mita 1,000. Kuipandisha familia na gari la tani mbili kurudi juu kunakula yapata uniti 6 za ziada, yaani kama kilomita 35 za mwendo. Aliyekuja akasimama mara mbili asishangae akirudi na kusimama mara tatu. Tena betri ya Leaf haina mfumo wa maji wa kuipoza. Kwa joto letu la mchana, chaji ya haraka ya pili au ya tatu hujikokota. Aondoke alfajiri.

Sasa tumefika nyumbani, tuseme Wundanyi kwa mama. Hapa ndipo nataka mnisikilize zaidi.

Soketi ya kawaida ya nyumba itaingiza uniti 2 na kitu kwa saa. Kutoka saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi ni kama uniti 24. Kwa bei zilizowekwa mwaka 2023, kiwango cha chini kabisa cha stima ya nyumbani ni cha anayetumia uniti zisizozidi 30 kwa mwezi. Mama mwenye taa tatu na televisheni yumo humo. Usiku mmoja wa gari lako unakaribia mwezi wake mzima, na siku mbili huenda zikamtoa katika kiwango hicho. Wewe umesharudi Nairobi, yeye anashangaa kwa nini tokeni za mia mbili zimekuwa chache. Hatakuambia, kwa sababu wewe ni mwanawe. Zamani tulibeba sukari na unga. Vibebeni bado, lakini nunua tokeni kabla hujachomeka, na umwachie pia za miezi inayofuata.

Kama mna nafasi, chajini Voi kwa malipo, mpande mkiwa mmejaza. Mkichaji Wundanyi, msijaze mpaka juu kabisa. Gari hili likiteremka hurudisha umeme kwenye betri na kujizuia lenyewe. Betri iliyojaa haina pa kuuweka umeme huo, basi breki za kawaida ndizo zitakazobeba kazi yote kwenye kona zetu.

Wenye nyumba za wageni, soketi moja katika maegesho, yenye waya wake peke yake kutoka kwenye ubao wa fyuzi na waya wa ardhi, pamoja na mita yake ndogo, yatosha kuanza. Ifungwe na fundi mwenye leseni ya EPRA. Ekstensheni iliyoviringishwa chini ya kitanda hupata moto ikibeba mzigo huo usiku kucha. Nyumba huungua hivyo. Mgeni alipe kwa uniti alizotumia, aone mita.

Mafundi wenye leseni wamekaa safu ya nyuma. Wameleta soketi ya mfano na mita, njooni mzione kabla ya chai.