Kiti Chetu katika Mkutano wa Mtaa

(Maneno yaliyosemwa mbele ya washarika na walimu huko Kigamboni)



Tumepewa kusema habari ya mtaa. Neno hili kwetu lina maana mbili. Kanisani twaita mtaa lile kusanyiko dogo la usharika, lenye wazee wake na daftari lake la sadaka. Serikalini mtaa ni sehemu ya chini kabisa ya mji, yenye mwenyekiti wake, kamati yake na mtendaji wake. Habari za ule wa kwanza mwazijua vema. Leo twataka kusema habari za huo wa pili, maana tumeona ya kuwa watu wetu wengi waujua kwa kitu kimoja tu, nacho ni muhuri. Mtu akitaka barua ya dhamana, au ya kuombea kitambulisho cha taifa, au akitaka kuuza kiwanja, ndipo akumbukapo njia ya kwenda ofisi ya mtaa. Akiisha kugongewa muhuri hurudi kwake, wala hauoni tena mlango ule mpaka haja nyingine imshike.

Lakini mtaa haukuwekwa kwa ajili ya muhuri. Katiba ya mwaka 1977, katika Ibara ya 146, yaeleza ya kuwa makusudi ya kuwapo kwa serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Na Ibara ya 21 yampa kila raia haki ya kushiriki katika kufikia uamuzi juu ya mambo yamhusuyo yeye na nchi yake. Haki hii haitumiwi siku ya kura peke yake. Mahali pake pa karibu kuliko pote ni mkutano wa mtaa, ambao wakazi wote waliotimiza miaka 18 huitwa kuhudhuria. Hapo hakuna mwakilishi. Muuza samaki wa Feri, fundi wa Vijibweni, mkulima wa Kimbiji, kila mmoja ana sauti sawasawa na mwenye jumba la ghorofa.

Jambo hili halikuwapo sikuzote, ndiyo maana twasikitika kuliona likidharauliwa. Babu zetu wa pwani hii walitawaliwa na maakida na majumbe waliowekwa na Wadachi, kisha na maliwali na majumbe waliokubaliwa na Waingereza. Na jumbe alipoita baraza, watu walikwenda kusikia amri. Hata baada ya uhuru mambo hayakwenda njia moja. Mwaka 1972 mabaraza ya miji na ya wilaya yaliondolewa, kazi zao zikapewa maofisa wa mikoa. Miji ikarudishiwa mabaraza kwa sheria ya mwaka 1978, kisha zikaja sheria za mwaka 1982 ambazo, pamoja na marekebisho yake, ndizo zituongozazo mpaka leo. Basi kwa miaka kadhaa wakazi wa mji huu hawakuwa na baraza la kumuuliza mtu kwa nini taka hazikuzolewa. Wazee waliokuwapo siku zile wanaweza kuwaeleza.

Sasa na tuje kwetu Kigamboni. Wilaya hii ilikatwa kutoka Temeke miaka kumi hivi iliyopita, na ina kata tisa, tangu Kigamboni yenyewe na Tungi mpaka Kimbiji na Pembamnazi. Hesabu ya watu ya mwaka 2022 ilionyesha zaidi ya watu 300,000, karibu mara mbili ya wale wa mwaka 2012. Wengi wa hao ni wageni waliokuja kutafuta kiwanja. Mgeni huyo hulala Kibada, hufanya kazi ng'ambo, na Jumapili hurudi kusali katika usharika wake wa zamani wa Kinondoni au Ilala. Ukimwuliza jina la mwenyekiti wake wa mtaa, hulitafuta kichwani asilione. Hatumlaumu sana, kwa kuwa siku yake imeliwa na safari. Lakini mji uliojaa watu wa namna hiyo ni mji usio na mwenyewe, na mji usio na mwenyewe hupangiwa mambo na wengine.

Tena hilo si jambo la kuwazia tu, kwa maana lilitupata. Mwaka 2008 serikali ilitangaza mpango wa Mji Mpya wa Kigamboni, katika kata za Kigamboni, Tungi, Vijibweni, Mjimwema, Kibada, na sehemu ya Somangila. Mpango ulisifiwa sana, na huenda ndani yake yalikuwamo mema mengi. Lakini watu walizuiliwa kujenga na kuendeleza maeneo yao wakati mpango ukitengenezwa, na zuio lililosemwa kuwa la muda likawa la miaka. Fikirini hali ya mtu mwenye msingi uliokwisha kumwagwa zege, asiweze kupandisha ukuta; au mjane aliyetaka kuongeza vyumba viwili apate kodi, akaambiwa angoje. Wakazi walilalamika ya kuwa hawakushirikishwa ipasavyo tangu mwanzo. Wakaunda kamati yao, wakakutana na wakubwa, na mbunge wao tangu mwaka 2010, marehemu Dkt. Faustine Ndugulile, akayasema mambo yao bungeni hata akachukiza baadhi ya watu. Mwishowe eneo la mpango likapunguzwa, na wakala aliyewekwa kuusimamia akavunjwa. (Huyo ndugu alifariki tarehe 27 Novemba 2024, na siku hiyohiyo watu wa jimbo lake walikuwa katika foleni wakichagua viongozi wa mitaa.)

Twasimulia haya kwa sababu moja. Waliosimama wakati ule walianza kusimama zuio likiwa limekwisha kuwekwa, nao walihangaika miaka mingi kurudisha neno ambalo lingalisemwa mapema kwa jioni moja, kama wangaliulizwa, na kama mikutano yetu ya mitaa ingalikuwa na desturi ya kujaa na kuandika. Hatusemi ya kuwa mkutano wa mtaa ungaliuzuia mpango wa taifa. La. Lakini maneno yaliyoandikwa katika muhtasari, yenye tarehe na hesabu ya waliohudhuria, hayafanani na maneno ya kwenye pantoni.

Na hapo kwenye pantoni twataka kukaa kidogo. Hakuna baraza kubwa kuliko lile. Asubuhi, watu wamebanana na baiskeli na matenga ya samaki, kila mtu hutoa hukumu juu ya serikali. Nauli ilipopandishwa mwanzoni mwa mwaka 2012 kutoka shilingi 100 hata 200, maneno yaliyosemwa juu ya maji yale yangalijaza vitabu. Daraja la Nyerere lilipofunguliwa mwezi wa Aprili 2016, wengi tulishangilia, na tozo zilipoanza tukanung'unika. Lakini mwaka 2022 tozo zile zilipunguzwa, kwa kuwa malalamiko yalipelekwa mahali panaposikia, wala hayakuishia garini. Pantoni ina ila moja: ikigusa ng'ambo, mlango hushushwa, watu hutawanyika, na hakuna aliyeandika neno.

Twajua sasa wako wanaosema mioyoni mwao, Haya yote ni bure, kwa maana uchaguzi wenyewe tumeuona. Hatutaki kupita neno hili kana kwamba hatukulisikia. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa mwaka 2019 vyama kadhaa vya upinzani vilijitoa, vikisema wagombea wao wengi wameenguliwa. Mwaka 2024 malalamiko ya kuenguliwa yakarudi. Na mara zote mbili chama kimoja kilipata karibu viti vyote. Kisha ikaja tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, ambapo ghasia zilizuka katika mji huu na miji mingine, watu wakafa, na amri ya kutotoka nje usiku ikawekwa Dar es Salaam. Wako humu ndani waliolia siku zile. Basi mtu akituambia ya kuwa amekata tamaa, hatumwiti mvivu.

Ila twamwambia hivi. Mkutano wa mtaa hauwezi kushika mahali pa uchaguzi ulio huru, wala asidanganyike mtu kuwa unatosha. Lakini mwenyekiti aliyepita bila kupingwa hana budi kusimama mbele ya mkutano vilevile kama yule aliyeshindana. Mapato na matumizi ya mtaa yapaswa kusomwa mbele ya watu, awe nani aliyeshinda. Na kiongozi aliyezoea kusimama mbele ya watu kumi na watano, ambao nusu yao ni jamaa zake, atasema tofauti akiona watu mia tatu wameketi na kalamu mkononi. Kijiji chetu kimoja huku kusini kinaitwa Gezaulole, na wenye kujua Kizaramo wajua maana yake: jaribu uone.

Tena liko jambo la daftari, ambalo limewakosesha wengi haki yao pasipo hila ya mtu yeyote. Daftari la kudumu la wapiga kura, lile litoalo kadi, ni la uchaguzi wa rais, wabunge na madiwani. Uchaguzi wa mtaa una orodha yake nyingine, iandikwayo mtaani kwa siku chache tu. Mwaka 2024 ilikuwa tangu tarehe 11 hata tarehe 20 Oktoba, siku kumi basi. Watu walikaa nyumbani wakisema, Kadi tunayo. Na siku ya kura wakarudishwa. Muhula wa viongozi wa mtaa ni miaka mitano. Kwa hiyo orodha hiyo itaandikwa tena, na tangazo lake litabandikwa ukutani kwa muda mfupi kama lilivyobandikwa mara ile. Hapa ndipo tuwahitajipo walimu. Mwalimu husoma tangazo siku libandikwapo. Basi na amwambie kila mtoto apeleke neno nyumbani, na mzee wa kanisa alitangaze baada ya ibada, pasipo kutaja chama wala jina la mgombea. Jambo hilo la mwisho twalitilia mkazo. Madhabahu si mahali pa kampeni, na mtaa wa serikali si mali ya kanisa. Jirani zetu Waislamu ndio wengi katika sehemu nyingi za pwani hii, na waliujua mji huu kabla yetu. Tukienda mkutanoni, twendeni pamoja nao kama wenye kisima kimoja, wala tusiende kama kundi la washarika waliopatana nyumbani watakayoyasema.

Na tukifika, tuulize nini? Ajabu ni kwamba twajua kuuliza. Katika usharika, hesabu ya mwaka isiposomwa, wazee hawapati usingizi. Mtunza hazina akikosa stakabadhi moja ya mabati huulizwa mbele ya wote. Lakini mtaani mtu yuleyule mkali hunyamaza. Iko fedha ya ulinzi iliyochangwa nyumba kwa nyumba: ni kiasi gani, na walinzi walilipwa lini? Iko ada itozwayo mtu anapouza kiwanja mbele ya viongozi wa mtaa: nani aliipanga, na stakabadhi yake i wapi? Katika wilaya yetu hili la viwanja lapita mengine yote, maana tumeona kiwanja kimoja kikiuzwa kwa watu wawili, na wote wawili wana karatasi yenye muhuri. Kama mauzo yangalitangazwa wazi kwa majirani wa mipaka, mnunuzi wa pili angalijua mapema. Iko pia mikopo isiyo na riba, ambayo halmashauri hutengea asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa mwaka 2023, ikarudishwa mwaka 2024. Akina mama, ulizeni mkutanoni ni vikundi gani vya mtaa wenu vilivyoomba, na vipi vilivyopata.

Na juu ya akina mama twaongeza neno. Katika kamati ya mtaa viko viti vya kundi la wanawake, tena hawakukatazwa vile vya kundi mchanganyiko, wala uenyekiti wenyewe. Lakini mkutano ukiitwa saa kumi jioni, maji yakiwa hayajatekwa na chungu hakijawekwa jikoni, ni nani atakayekuja? Saa ya mkutano nayo ni jambo la kuamuliwa na mkutano.

Vijana mtatusamehe tukiwaambia ya kuwa simu zenu zina mikutano mingi kuliko miguu yenu. Mnajua kusema, ila andikeni jina lenu katika karatasi ya mahudhurio, maana mkutano hesabu yake ni waliopo.

Walimu, mmejifunza kazi ambayo mtaa wahitaji kuliko hotuba, nayo ni kuandika muhtasari. Wafundisheni wanafunzi wa darasa la juu kuandika yaliyosemwa, aliyeyasema, yaliyokubaliwa, nani atayafanya na lini. Wapeni kwa zoezi mkutano wa darasa lao. Kisha siku ya mkutano wa mtaa nendeni ninyi wenyewe, mkakae mbele. Desturi ni kwamba muhtasari wa mkutano uliopita husomwa kwanza, watu waukubali au wausahihishe, kabla ya jambo jipya kuletwa. Mara nyingi hurukwa, kwa kusema jua linazama. Ukirukwa, inueni mkono, mwombe usomwe. Nao ukisomwa, sikilizeni kama maneno yenu yamo.