Taa Ikiwaka, Gari Lisimame

Tangazo mmeshalisikia. Kabla shule hazijafunguliwa, askari wa usalama barabarani watakagua mabasi ya wanafunzi, na basi litakalofaulu litabandikwa stika. Tunaliunga mkono tangazo hilo kwa mikono miwili. Lakini redio hii ina wasiwasi, na wasiwasi wetu uko kwenye taa mbili nyekundu za dashibodi: taa ya breki na taa ya joto la injini. Taa hizo zinawaka na magari yanaendelea kutembea. Kibaya zaidi, kuna magari ambayo taa hizo haziwaki kabisa, kwa sababu kuna mtu alilipwa ili azizime.

Panda Coaster yoyote iliyochoka, uchungulie mbele ya usukani. Utakuta kipande cha tepu nyeusi ya fundi umeme kimebandikwa juu ya taa. Chini ya kiti cha dereva kuna dumu la lita tano, maji ya kisima, ya kuongezea kwenye rejeta kila kituo cha mwisho. Suka anajua. Konda anajua. Tajiri mwenye gari anajua. Asiyejua ni abiria aliyelipa nauli, na mzazi aliyemkabidhi mwanawe alfajiri.

Taa inawaka, inazimwa. Ndiyo kazi tunayoifanya.

Taa ya breki inawaka, dereva anaongeza mafuta ya breki, taa inazimika, safari inaendelea. Hakuna aliyeuliza mafuta yale yamekwenda wapi. Katika magari mengi kuna boya dogo ndani ya kikopo cha mafuta ya breki. Mafuta yakishuka, boya linashuka, taa inawaka. Na mafuta hayashuki bila sababu. Ama yanavuja, ama pedi zimelika na mafuta yameshuka kuifuata pistoni kule kwenye gurudumu. Ukiongeza mafuta bila kufungua gurudumu, umeizima taa na pedi imebaki chuma kwa chuma.

Mafuta yenyewe nayo huchoka. Yale yaliyoandikwa DOT 4, yakiwa mapya, hayachemki kabla ya nyuzi joto 230. Lakini yana tabia ya kufyonza unyevu wa hewani, na yakishanywa maji ya kutosha huweza kuchemka kwenye nyuzi 155 tu. Dereva aliye kwenye mteremko wa Kitonga, mguu juu ya breki, hana nafasi ya kujifunza hilo. Mafuta yanachemka, mapovu yanajaa kwenye bomba, pedali inazama hadi sakafuni. Halafu kesho yake tunasoma kwamba gari "lilifeli breki," kana kwamba breki ziliamua zenyewe.

Taa ya joto nayo ni hivyo hivyo. Gari likichemsha, fundi anang'oa themostati na kuitupa, anasema nchi yetu ni ya joto, haihitajiki. Kulanti inaonekana anasa, yanamwagwa maji ya kisima yenye chumvi, na rejeta inaoza kwa ndani. Kisha unakatwa waya wa taa ili dereva asisumbuliwe. Dereva naye anautazama mshale wa joto, anauona umetulia, anafurahi. Hajui kwamba kihisi kile kinapima maji, na maji yakiisha kabisa, mshale unaweza kutulia huku silinda hedi inapinda kwa joto. Ukivunja kipimajoto, homa haiondoki mwilini mwa mgonjwa.

Taa inawaka, inazimwa. Na vifaa vya kuizimia tunavifuata mbali.

Pedi, mipira ya breki, mifuniko ya rejeta, pampu za maji, hata vihisi vinavyowasha taa zenyewe: vingi vinavyouzwa Gerezani hapa Dar es Salaam, Kirinyaga Road kule Nairobi na Kisekka kule Kampala vimetoka China, na wafanyabiashara wetu wengi huvifuata Guangzhou. Wanafikia Xiaobei na Sanyuanli, wanazunguka maduka ya vifaa vya magari ya Barabara ya Yongfu, wanajaza kontena, wanarudi. Ni watu wachapakazi, na nchi inawahitaji. Lakini tuambiane ukweli. Kule, pedi ya gari lile lile ina bei ya juu, ya kati na ya chini, kwa kadiri ya ubora, na muuzaji anakuuliza unataka ipi. Anayesema apewe ya chini kabisa, mradi boksi lipendeze, anapewa ya chini kabisa, na boksi linapendeza. Guangzhou inauza kinachoagizwa. Walioagiza ni sisi.

Na tazameni mji huo huo unavyojilinda. Kanuni za China zilizoanza kutumika Mei 2013 zinataka teksi ndogo iondolewe barabarani ikitimiza miaka 8, basi la abiria wa mjini miaka 13, na basi maalumu la shule miaka 15. Jirani zetu nao wana mipaka yao. Kenya inakataa kuingiza gari kuukuu lenye umri wa zaidi ya miaka 8. Uganda, tangu 2018, inakataa lenye miaka 15 au zaidi. Kwetu Tanzania gari kuukuu linaongezewa ushuru, kisha linaingia. Maana yake ni kwamba teksi ya Guangzhou inageuzwa chuma chakavu katika umri ambao gari letu ndiyo kwanza linateremshwa melini, nasi tunalihesabia miaka mingine ishirini ya kazi.

Hatuyachukii magari ya zamani. Watu wazima mnaikumbuka Peugeot 504, iliyoshinda Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978. Guangzhou nayo iliwahi kuunda 504 na 505 kwa ubia na Wafaransa, ubia ulioanza 1985 na kuvunjika 1997. Gari la zamani linalotunzwa ni fahari ya mwenyewe na ya mtaa mzima. Lakini gari la zamani lazima lisikilizwe, maana halina kompyuta nyingi za kulisemea. Lina taa chache tu. Tukizizima hizo, tumeliziba mdomo.

Nasi hatutachoka kulirudia hili: taa inawaka, inazimwa. LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, ina mfumo wa VTS unaoona mwendo wa basi la mikoani na mahali lilipo, na umesaidia. Lakini VTS haiioni tepu nyeusi. Stika haiioni tepu nyeusi. Mkaguzi anayelizunguka basi, akapiga teke tairi, akaangalia kizima moto na mkanda, akaondoka, naye haiioni tepu nyeusi.

Kwa hiyo afande, tunakuomba: ingia ndani. Fungua swichi kabla injini haijawashwa. Katika magari mengi taa za tahadhari lazima ziwake zote, kisha zizimike injini ikishika. Vuta breki ya mkono. Taa ya breki iwake. Isipowaka, huenda balbu imetolewa au waya umekatwa, na basi hilo lisipewe stika hata likiwa limepakwa rangi jana. Ni kazi ya dakika moja. Ifanyeni!

Shirika la Viwango, TBS, na Tume ya Ushindani, msisubiri ajali ndipo mzifuate pedi duni madukani. Zifuateni bandarini. Nanyi wafanyabiashara mlioko Guangzhou leo na karatasi ya oda mkononi, agizeni pedi ambayo mngeifunga kwenye gari linalompeleka mwanenu shule.

Matajiri wa magari, punguzeni hesabu siku gari likiwa gereji. Dereva anayedaiwa hesabu kamili jioni hataiona taa hata ikiwaka usoni pake. Madereva, msikubali kukabidhiwa gari lenye tepu kwenye dashibodi. Kesi ikija, itasomwa kwa jina lako.

Na ninyi wazazi, ulizeni! Nchi hii ilizika watoto 32 waliokufa katika ajali ya basi la shule huko Karatu, Mei 2017. Hatusemi ni taa iliyowaua. Tunasema hatuna watoto wa kupoteza tena kwa jambo lolote lililo ndani ya uwezo wetu. Kesho asubuhi basi likisimama mlangoni, chungulia dashibodi. Ukiona tepu, mshushe mwanao. Ukiona taa nyekundu, mshushe mwanao. Jirani akikuona mkorofi, mwache akuone mkorofi. Taa ikiwaka, gari lisimame. Taa ikiwaka, gari lisimame!

Hayo ndiyo maoni ya redio hii.