Tikiti za Zawadi na Sheria
(Maneno ya Karani mbele ya wanachama wa tawi, Kegonga)



Katika mkutano uliopita ndugu kadhaa walitaka tawi liuze tikiti za shilingi mia moja, mwenye bahati achukue ng'ombe, na faida ilipe ada ya watoto wa marehemu mwenzetu. Nia hiyo ni njema. Lakini nia njema haimwokoi mtu kortini, basi tuitazame sheria kwanza.

Mtu akitoa fedha, mshindi akapatikana kwa bahati tu, na zawadi ikawapo, hiyo ni bahati nasibu. Anayeiuzia umma tikiti hizo hana budi kuwa na kibali, awe kampuni kubwa ya Nairobi au chama cha wafanyakazi. Sheria ya kwanza ya Kenya huru juu ya jambo hili ilitungwa mwaka 1966, ikaweka Bodi ya kutoa vibali. Mwaka 2025 ilitungwa Sheria mpya ya Kudhibiti Kamari, nayo ikaunda Mamlaka mahali pa Bodi. Tena Katiba ya 2010 imezipa kaunti sehemu ya kazi hiyo. Kwa hiyo tuna milango miwili ya kubisha: serikali kuu, na kaunti yetu ya Migori.

Wenye maduka nao wasikilize. Ukimwambia mteja, "Nunua sabuni uingie katika kura ya baiskeli," usidhani umeepuka sheria kwa kuwa hukuuza tikiti. Uliza kwanza. Walio chini ya miaka 18 wasiingizwe katika kamari hata kidogo.

Sisi wa Kuria twalima tumbaku, lakini Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007 yakataza kumvuta mnunuzi wa sigara kwa zawadi au mashindano. Kadhalika, kibali cha Kenya hakivuki mpaka. Tikiti zikiuzwa Sirari, hapo ni Tanzania, nao wana bodi yao ya michezo ya kubahatisha.

Sasa juu ya simu. Mtu akikuambia umeshinda, lakini utume fedha kwanza ndipo upewe zawadi, huyo ni mwizi. Mshindi wa kweli halipi ili apewe chake. Na kama hukucheza, utashindaje? Usimpe namba yako ya siri, wala usitume hata senti. Piga ripoti polisi.

Kwa hao watoto, Halmashauri yaleta shauri hili: tuchange sisi wanachama wenyewe, kila mtu kwa uwezo wake, pasiwe na kura wala ng'ombe. Mweka hazina aandike risiti kwa kila shilingi, na hesabu isomwe mkutanoni. Wakitaka wengi tikiti, basi tuombe kibali kwanza, tungoje jibu la maandishi, ndipo tuchape.

Jina la chama likichafuka, kesho nani atatusikiliza tukidai mishahara yetu?

Umoja ni nguvu.