Jozi Zisitenganishwe: Jaribio la Wilcoxon katika Utafiti wa Ufundishaji wa Kiswahili



Naomba nianze kwa kukiri kosa. Miaka mingi iliyopita nilimsimamia mwanafunzi wa shahada ya uzamili aliyechunguza namna ya kuwafundisha wageni upatanisho wa kisarufi. Aliwapima wanafunzi wake kabla ya mafunzo, akawapima tena baadaye. Kompyuta ilipotoa jibu, nilimwambia kwamba hapakuwa na tofauti ya maana, naye akaandika hivyo katika tasnifu yake. Baadaye niligundua kwamba tulichagua jaribio lisilofaa. Alama zile zilikuwa jozi, nasi tulizitenganisha.

Tuchukue mfano wa kubuni. Wanafunzi 8 walipata alama hizi kati ya 30 kabla ya mafunzo: 5, 8, 27, 12, 2, 24, 14, 17. Baada ya mafunzo, kwa mpangilio uleule, walipata 10, 11, 26, 16, 9, 22, 20, 25.

Tukizichukulia kama alama za makundi mawili ya watu tofauti, tutatumia jaribio la Mann na Whitney. Thamani ya p itazidi 0.4, nasi tutasema hakuna kilichobadilika. Sababu ni kwamba wanafunzi hawa wanapishana mno wao kwa wao, na kupishana huko kunafunika badiliko la kila mmoja.

Mkemia Frank Wilcoxon alionyesha njia nyingine mwaka 1945. Kwanza, tunatoa alama ya kabla katika alama ya baada, tunapata 5, 3, −1, 4, 7, −2, 6, 8. Pili, tunazipanga tofauti hizi kwa ukubwa bila kujali chanya wala hasi, kila moja ikipewa nafasi yake kuanzia 1. Tatu, tunajumlisha nafasi. Walioshuka wana nafasi ya 1 na ya 2, jumla 3; waliopanda wana jumla ya 33.

Lau hakuna badiliko lolote ila bahati, kila tofauti ingeweza kuwa chanya au hasi kwa uwezekano sawa. Kwa watu 8, mipangilio ni 256. Inayotoa jumla ya 3 au pungufu kwa upande wa hasi ni 5 tu. Tukihesabu na upande wa pili, ni 10. Kugawa 10 kwa 256 ni 0.039, chini ya kiwango cha 0.05 tulichokizoea. Takwimu ni zilezile, hitimisho limegeuka.

Programu ya R hufanya kazi hii kwa amri moja: wilcox.test(baada, kabla, paired = TRUE). Sehemu ya mwisho ndiyo roho ya amri. Ukiiacha, programu haitakuonya. Itafanya jaribio la makundi mawili huru na kukupa jibu lenye sura ya uhakika. Katika SPSS, chagua jaribio la sampuli mbili zinazohusiana, kila mwanafunzi akiwa na mstari wake.

Jaribio hili halidai mtawanyiko wa kawaida, hivyo linafaa kwa sampuli zetu ndogo. Hata hivyo, linadai tofauti zitawanyike kwa ulinganifu kuzunguka kitovu chake. Wala halithibitishi kwamba mafunzo ndiyo yaliyoleta badiliko. Pasipo kundi la ulinganisho, huenda ni mazoea ya mtihani tu.

Wanafunzi wangu, kompyuta haijui nani alikaa dawati lipi mara ya kwanza na mara ya pili. Wewe unajua. Wahenga walisema kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Mimi nilikwisha kosa, ninyi msirudie.