Kichanga wa Simiyu na Wastani wa Wengine



Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 unaonyesha kwamba kati ya watoto 1,000 wanaozaliwa hai Tanzania, 43 hufariki kabla ya kutimiza miaka 5. Mwaka 2004/05 walikuwa 112. Chanjo na vyandarua vimechangia sana mafanikio hayo, na tuna haki ya kujivunia. Lakini kati ya hao 43, watoto 24 hufariki ndani ya siku 28 za mwanzo, na utafiti wa 2015/16 ulikuta 25. Tumemwokoa anayetambaa; aliyezaliwa jana bado anatuponyoka. Lengo la dunia kwa mwaka 2030 ni vifo visivyozidi 12 ndani ya siku hizo 28.

Kichanga hafi kwa ugonjwa mmoja ambao tungeutafutia chanjo yake. Wengi hufa kwa kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, kwa kuzaliwa njiti, au kwa maambukizi. Asiyelia anahitaji mtu wa kumkausha, kumsugua mgongo, na akizidi kunyamaza, kumpumulisha kwa mfuko na barakoa kabla dakika ya kwanza haijaisha. Kazi hiyo haisubiri daktari afike kutoka mjini.

Majirani zetu hapa Simiyu wameifanyia utafiti mkubwa. Kuanzia 2021 hadi 2023, mradi wa Safer Births, ukiongozwa na Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, ulifanyika katika vituo 30 vya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza. Wakunga hawakupelekwa semina hotelini. Walifanya mazoezi mafupi ya mara kwa mara palepale wodini, kwa mwanasesere, wakiongozwa na wenzao wa kituo hichohicho, na takwimu za kituo chao ndizo zilizowaonyesha pa kutilia mkazo. Walipewa pia kifaa cha kusikiliza mapigo ya moyo wa mtoto aliye tumboni. Kati ya watoto zaidi ya 270,000, vifo vya wanaofia tumboni wakati wa uchungu na wanaofariki ndani ya saa 24 za mwanzo vilishuka kutoka 15.3 hadi 12.5 katika kila uzazi 1,000.

Mimi ningeomba kazi hiyo ianze Simiyu hata kesho. Ila tuyasome matokeo hadi mwisho: hayakulingana. Tofauti kati ya mkoa na mkoa ilikuwa kubwa, na ile namba moja nzuri inaificha. Simiyu, tunaopakana na Shinyanga na Mwanza, hatukuwamo, kwa hiyo hakuna ajuaye tungeangukia upande gani.

Hatari ya kuamini wastani peke yake dunia imeiona kwenye chanjo ya homa ya dengi. Mwaka 2016 Ufilipino ilianza kuwachanja wanafunzi kwa Dengvaxia, na watoto zaidi ya 800,000 wakachanjwa. Kwa kundi zima chanjo ilionekana kukinga. Novemba 2017 kampuni ya Sanofi iliyoitengeneza ikatangaza yenyewe kwamba kwa mtoto ambaye hajawahi kuugua dengi, chanjo hiyo inaweza kuufanya ugonjwa uwe mkali zaidi akija kuambukizwa baadaye. Swali la msingi, huyu mtoto aliye mbele yangu ni yupi, halikupata jibu kabla ya sindano. Imani ya wazazi ikaporomoka, hata kwa chanjo nyingine zisizohusika kabisa. Nalitaja hili kwa uchungu, kwa sababu mimi ni mtetezi wa chanjo, na najua imani iliyopotea hairudi kwa tangazo la redio.

Kwa hiyo tupime hapa, kituo kwa kituo. Mama wa wilaya yetu ya Meatu anayepata uchungu usiku wa masika, korongo limejaa na bodaboda haipiti, si mama wa mjini Mwanza. Namba 115 ya m-mama, huduma ya usafiri wa dharura iliyoanzia Sengerema na Shinyanga, inamtafutia gari. Nataka tujue gari hilo linamfikisha baada ya muda gani, na kule afikako anamkuta nani zamu ya usiku. Tumwandike kila mtoto, akiwamo aliyezaliwa mfu na aliyefia nyumbani bila kupewa jina. Na vifo visipopungua tuseme hivyo hadharani, kama walivyofanya watafiti wa Mtwara na Lindi waliopeleka washauri wa kujitolea majumbani kwa wajawazito, kisha wakachapisha kwamba vifo vya vichanga havikushuka kwa kiwango cha kuthibitika.

Matokeo ya vipimo vyetu yasomwe kwanza kwenye mkutano wa kijiji, wazazi waulize maswali, ndipo yapelekwe kwenye majarida ya Ulaya na Marekani.