Hajaonekana: Sarufi ya Kupotea kwa Vijana katika Pwani ya Ziwa Tanganyika



Nilipoombwa kutoa mhadhara huu, wengi walitarajia niseme juu ya Kiswahili cha Ujiji kama tulivyozoea kukisema: mji ulio mwisho wa njia ya misafara iliyoanzia Bagamoyo, mji walimokutana Livingstone na Stanley mwaka 1871, mji wa Waha, Wamanyema, Wabembe, Watongwe na wafanyabiashara wa pwani, na lugha iliyolelewa katika mchanganyiko huo. Hayo yamekwisha kuandikwa, na mengine yameandikwa na watu wanaonizidi ufasaha. Leo naomba kuzungumzia jambo dogo la kisarufi, nalo ni namna wasemaji wa Kiswahili wanavyomtaja kijana aliyeondoka nyumbani na hakurudi. Ni dogo kwa kipimo cha sarufi tu.

Nianze na tangazo. Aliyekulia Ujiji au Kigoma mjini analijua. Kipaza sauti cha msikiti kinakoroma, kisha sauti inasema: "Amepotea mtoto wa kiume, umri wake miaka kumi na miwili, amevaa shati jeupe na kaptura ya buluu." Angalieni mpangilio wa maneno. Kitenzi kimetangulia na kiima kimefuata. Mtangazaji hasemi "Mtoto wa kiume amepotea", kwa kuwa wasikilizaji bado hawana mtoto yeyote akilini. Kwanza wanapewa tukio, ndipo anapoletwa mtu. Baada ya siku mbili au tatu, pale barazani chini ya miembe, mpangilio hugeuka na watu husema, "Yule mtoto amepotea." Sasa mtoto ni mada inayojulikana, ana kiashiria chake cha mbali, na kila mwenye la kusema humwongezea sentensi.

Badiliko la pili huja taratibu zaidi, na mimi nililigundua nikiwa mtu mzima, baada ya miaka mingi ya kufundisha njeo na hali bila kuyasikia yakitenda kazi. Siku za mwanzo kila mtu husema "amepotea". Kiambishi -me-, kama mjuavyo, hueleza tendo lililokamilika ambalo matokeo yake yapo hadi sasa: mtu amepotea na yu hali ya kupotea, kwa hiyo atafutwe. Kisha, siku isiyotangazwa na mtu yeyote, mmoja husema "alipotea". Kiambishi -li- hulifunga tendo katika wakati uliopita na kuliacha huko. Hakuna mkutano uliokaa na kuamua kwamba msako umekoma. Umekoma ndani ya silabi moja. Jirani ndiye huanza, halafu ndugu wa mbali. Mama wa mtoto huwa wa mwisho, na wapo kina mama ambao hawafiki huko kabisa. Nimewasikia wakisema "mwanangu amepotea" juu ya jambo la miaka mingi, na wasikilizaji wakidhani wamechanganyikiwa. Hawajachanganyikiwa. Wanatumia kiambishi kwa usahihi kuliko sisi.

Sasa tuje kwenye vitenzi vyenyewe, maana kuna vinne au vitano vinavyoshindania nafasi hii.

Kitenzi -potea kina maana mbili ambazo kwa mtoto mdogo hazigongani. Mtoto wa miaka mitano akipotea, amepotea njia. Lakini kijana wa miaka kumi na sita, hasa msichana, akiambiwa amepotea, maana ya pili huamka: amepotoka, ameacha malezi. Kutoka hapo si mbali kufika kwenye -toroka, na kitenzi hiki humfanya kijana mwenyewe kuwa mtenda. Aliyetoroka amekusudia, ana sababu zake, pengine ana mwanamume wake, pengine amekwenda Tabora au Dar es Salaam kwa treni. Aliyetoroka hatafutwi, hungojewa arudi na aibu yake. Neno moja huweza kuahirisha msako kwa wiki nzima, na katika mambo haya wiki ni muda mrefu sana.

Kwa wavulana wa pwani ya ziwa kuna njia nyingine. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa mwanga wa karabai, na tangu zamani vijana wadogo wamekuwamo katika mitumbwi hiyo. Kijana asiporudi, watu wa Kibirizi au Katonga husema ziwa limemchukua. Hapa sarufi ina mtenda kamili, mwenye kitenzi na yambwa yake. Mara nyingi ni kweli, kwani Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 na pepo zake hazina taarifa. Lakini ziwa ni mtenda asiyeweza kuhojiwa. Wakati mwingine waliotoka usiku ule walikuwa watu watano na wakarudi wanne, na hao wanne wangeweza kuulizwa.

Kitenzi ninachotaka kukaa nacho ni -toweka. Umbo lake lina alama ya kauli ya kutendeka, kama -vunjika na -potea kwa namna yake, na kauli hiyo haina nafasi ya mtenda. Ukisema "ameibwa", msikilizaji atauliza "na nani?", na ukisema "ametekwa", atauliza vilevile. Ukisema "ametoweka", swali halina pa kushika. Jaribuni kuongeza kirai cha "na" muone: "Mweka hazina ametoweka na fedha." Fedha hazikumtowesha mweka hazina, zimefuatana naye. Kiunganishi kilichokuwa kikitutajia mhalifu sasa kinatutajia mizigo. Kitenzi -towesha kipo katika lugha, lakini juu ya mtu sijakisikia barazani hata mara moja.

Kwa nini nasisitiza hili? Kwa sababu katika Afrika Mashariki kulikuwa na msemo, ulioenea kabla ya wengi wenu kuzaliwa, kwamba zeruzeru hafi, bali hutoweka. Mimi niliusikia utotoni na sikuuona kuwa wa ajabu. Watu walieleza kwamba hawajapata kuona mazishi ya mtu wa namna hiyo, kwa hiyo lazima wanayeyuka. Sarufi ya msemo huo ni ya hali ya mazoea: hu-toweka, ndivyo afanyavyo siku zote, ni tabia yake kama jua kuchwa. Basi kuanzia miaka ya 2006 na 2007, watu wenye ualbino walipoanza kuuawa katika mikoa ya kanda ya ziwa kwa ajili ya viungo vyao, wauaji walikuta lugha imekwisha kuwaandalia maelezo. Kutoweka kwa mtu ambaye hutoweka si habari. Sisemi kwamba msemo uliua. Waliouza na walionunua ndio walioua, kwa kuamini au kuaminisha kwamba viungo hivyo huleta utajiri. Nasema kwamba msemo ulichelewesha swali.

Neno lenyewe nalo lilibadilika mbele ya macho yetu. Zeruzeru, kwa wingi mazeruzeru, limo katika kamusi zetu. Kwa Warundi, majirani zetu wa ng'ambo, ni nyamweru, kutokana na weupe. Wapo waliosema kosa la mazeruzeru ni kiambishi ma-, kwamba kinadunisha. Sikubaliani nao: ma- hiyo hiyo inatupa mabibi, mabwana na maprofesa, ingawa kuhusu hao wa mwisho naacha muamue wenyewe. Kosa ni kwamba nomino hiyo inammeza mtu mzima ndani ya rangi ya ngozi yake. Wanaharakati walipopendekeza "mtu mwenye ualbino", wapo walimu wa lugha waliocheka urefu wake. Lakini urefu ndio faida yake: mtu amerudi kuwa kichwa cha kirai, na ualbino umekuwa kitu alicho nacho. Wakati huohuo mitaani lilizuka neno jingine, fupi kuliko yote. Walipopita watu hawa, vijana walisema "dili". Neno hilo la biashara halina hata kiambishi cha uhai.

Mnajua yaliyofuata. Januari 2009 serikali, kupitia Waziri Mkuu Mizengo Pinda, ilifuta leseni za waganga wa jadi. Julai 2009 mahakama ya Ruyigi nchini Burundi, mkoa uliokuwa ukipakana na Kigoma, iliwatia hatiani watu waliowaua wenye ualbino ili viungo viuzwe Tanzania. Septemba 2009 Mahakama Kuu ikikaa Kahama iliwahukumu kifo watu watatu kwa kumuua mvulana wa miaka 14 wilayani Bukombe, Desemba 2008. Hiyo ndiyo hukumu ya kwanza ya aina yake nchini. Huku kwetu, watoto wengi wenye ualbino walipelekwa katika shule ya Kabanga, wilayani Kasulu, wakae nyuma ya ukuta. Wapo ambao jamaa zao hawakuja tena kuwatazama, na sijui tuseme hao nani alipotewa na nani.

Machi 2009 Rais Jakaya Kikwete aliitisha kura ya siri, wananchi waandike majina ya wanaowashuku. Mwanaisimu aliona jambo hapo ambalo huenda wengine hawakuliona. Barazani, shutuma huja na vazi lake: "eti", "inasemekana", "nasikia", "wanasema". Warundi wana "ngo" yao, fupi na kali. Viambo hivi hudharauliwa kuwa lugha ya umbeya, lakini vina adabu ndani yake, kwa sababu msemaji anakiri kwamba hakuona kwa macho yake, na msikilizaji anajua apime vipi. Karatasi ya kura haina nafasi ya "eti". Unaandika jina, basi. Yaliyokuwa "nasikia fulani" yanatoka sandukuni yakiwa "fulani". Nakubali kwamba woga ulikuwa mkubwa na kwamba pasipo siri wengi wasingethubutu kusema. Hata hivyo, kukusanya majina baada ya kuyavua "eti" zake ni kukusanya kitu tofauti na kile watu walichojua.

Mahakama, kwa upande wake, haikubali "eti". Sheria yetu ya Ushahidi, ya mwaka 1967, hudai ushahidi wa mdomo uwe wa moja kwa moja: aliyeona aseme aliona, aliyesikia aseme alisikia. Ugumu ulikuwa kwamba, hadi sheria ilipobadilishwa mwaka 2021 na kukifanya Kiswahili lugha ya mahakama, shahidi alisema kwa Kiswahili na jaji wa Mahakama Kuu aliandika kwa Kiingereza. Lugha hiyo haina -me- wala -ja- yetu, na haitofautishi kwa wepesi uleule "ametoweka" na "ametoweshwa". Shahidi anayejizuia kwa uangalifu, akisema "alikuwa hajarudi" na si "hakurudi", tahadhari yake ilipotelea katika kalamu. Wanafunzi wanaotafuta mada za tasnifu, hapa pana kazi: majalada ya kabla na baada ya 2021 yalinganishwe.

Niseme neno juu ya "watu wasiojulikana". Kirai hiki ni cha zamani katika taarifa za polisi. Kiliota mbawa mwaka 2017, hasa baada ya Septemba ya mwaka huo, Tundu Lissu alipopigwa risasi Dodoma, hata kikawa kama jina la kabila. Mnyumbuliko wake ni -jua, -julika, -julikana. Nacho, kama -toweka, hakitaji mtu. Hakisemi nani hajui. Mtu asiyejulikana kwa mwandishi wa taarifa aweza kuwa anajulikana sana mtaani.

Nimalizie na mkanusho, nilioahidi katika anwani. Kinyume cha "ameonekana" ni "hajaonekana". Kinyume cha "alionekana" ni "hakuonekana". Kikanushi -ja- kina "bado" ndani yake hata neno hilo lisipotamkwa. Desemba 2014, usiku, msichana mwenye ualbino wa miaka minne alichukuliwa kwa nguvu kutoka nyumbani kwao wilayani Kwimba, mkoani Mwanza. Kesi yake haina mwili. Mei 2024 mtoto wa miaka miwili alichukuliwa wilayani Muleba, mkoani Kagera, mikononi mwa mama yake, na Juni mwili wake ulipatikana. Juu ya huyu wa pili sarufi haina la kutufundisha: aliuawa, na kitenzi kinadai mtenda.

Juu ya yule wa kwanza, katika rasimu ya mhadhara huu niliandika "hajaonekana". Kijana aliyenisaidia kuchapa, msomaji makini, alisahihisha kuwa "hakuonekana", akanieleza kwa heshima, "Profesa, imepita zaidi ya miaka kumi." Nikamwomba arudishe -ja-. Akauliza kama ni suala la sarufi. Nikamwambia tarehe ya mhadhara ni ngapi, aje asikilize.