IJUE NGAZI YAKO YA UTAWALA, UJUE MLANGO WA KUBISHA

(Mazungumzo ya Ofisa Habari wa Halmashauri kwa wakazi wa Kata ya Mafiga)



Swali tunaloulizwa mara nyingi ni hili: “Shida yangu niipeleke wapi?” Mwananchi hupoteza siku nzima na nauli akizunguka katika ofisi ambazo zote zina jina la Morogoro. Ndiyo maana leo naeleza jinsi nchi yetu ilivyogawanywa.

Tanzania ina mikoa 31: 26 Bara na 5 Zanzibar. Hapa Bara tuna ngazi mbili zinazokwenda sambamba. Ya kwanza ni ya Serikali Kuu: mkoa, wilaya na tarafa. Mkuu wa Mkoa na Mkuu wa Wilaya huteuliwa na Rais. Ya pili ni ya Serikali za Mitaa: halmashauri, kata na, kwa sisi wa mjini, mtaa. Huku diwani na mwenyekiti wa mtaa huchaguliwa na ninyi wenyewe kila baada ya miaka 5. Watendaji ni watumishi walioajiriwa.

Mipaka ya ngazi hizi hailingani kila mahali. Wilaya ya Morogoro ni moja, lakini ina halmashauri mbili: Manispaa yetu, na Halmashauri ya Wilaya inayohudumia maeneo kama Matombo na Kinole. Mgeta nako ni Uluguru, lakini kuko Mvomero. Hivyo milima yetu inahudumiwa na halmashauri tatu, kila moja na madiwani wake na bajeti yake.

Jambo hili linagusa mfuko wako. Sheria inaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi cha Mafiga huomba Manispaa, si kwingineko. Aidha, si kila huduma iko mikononi mwa halmashauri: maji ni ya MORUWASA, na barabara za mitaani ni za TARURA.

Tusidhani ngazi hii ya pili imekuwapo siku zote. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 halmashauri zilifutwa nchini. Huduma za miji zikazorota, kipindupindu kikaingia, na mwaka 1978 halmashauri za miji zikarejeshwa. Sheria za mwaka 1982 ndizo zilizoweka msingi wa mfumo tulio nao.

Basi, ndugu zangu, anzieni ofisi ya mtaa. Likishindikana hapo, lipande kwa Mtendaji wa Kata na Diwani, kisha Manispaa. Na mkutano wa mtaa unapoitishwa, njooni. Hapo ndipo mwananchi anapouliza mapato na matumizi ana kwa ana.

Wahenga walisema figa moja haliinjiki chungu. Kiongozi mliyemchagua ni figa la kwanza, mtendaji ni la pili. La tatu ni wewe unayehudhuria na kuuliza.